Uvimbe kwenye ovari na wiki za kungoja upasuaji: kipi kitakusaidia, kipi ukiache

Ukiambiwa una uvimbe kwenye ovari na utafanyiwa upasuaji, unadhani ni wiki ijayo. Kisha unapewa tarehe, na tarehe yenyewe iko miezi miwili mbele, au mitatu, au huna tarehe kabisa, umeambiwa utapigiwa simu. Unarudi nyumbani na karatasi ya ultrasaundi na tumbo lilelile ulilokwenda nalo.

Mimi nilingoja wiki 11. Uvimbe ulikuwa kwenye ovari ya kulia, sentimita 8, wa aina inayoitwa demoidi. Katika wiki hizo nilijaribu karibu kila nilichoambiwa, na nikagundua kwamba "dawa gani ni kali zaidi" si swali la kwanza. Kila kitu hapa nimekipima kwa mambo mawili. Je, kinapunguza maumivu ya leo? Na je, kinaniacha na akili timamu ya kutambua siku maumivu yatakapobadilika? Kinachofaulu la kwanza na kushindwa la pili, mtu mwenye uvimbe tumboni asikitegemee.

Kwanza ujue umebeba uvimbe gani

Usilinganishe chochote kabla ya kujua hili, maana ushauri uliomfaa mwenzio huenda ukakuumiza wewe. Chukua karatasi ya kipimo, muulize daktari akusomee: ni aina gani, ukubwa gani, upande upi.

Aina inayoonekana zaidi kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi hutokana na mzunguko wenyewe. Kila mwezi yai hukulia ndani ya kifuko kidogo chenye majimaji. Kifuko kisipopasuka, au kikipasuka kisha kikajifunga na kujaa maji au damu, ndipo uvimbe hutokea. Huu mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya mizunguko miwili mitatu. Demoidi ni habari nyingine kabisa. Hutokana na seli za yai, ambazo zina uwezo wa kujenga tishu za kila namna, ndiyo maana ndani yake hukutwa mafuta, nywele, hata meno. Haunywei, ila hukua polepole sana. Kuna na ule wa endometriosisi, ugonjwa ambao tishu kama ya utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi. Huo umejaa damu nzito ya zamani yenye rangi ya chokoleti, na maumivu yake mara nyingi hupanda na kushuka na hedhi.

Ukubwa nao una maana yake. Chuo cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza kilitoa mwongozo mwaka 2011 kwa wanawake ambao bado hawajakoma hedhi: uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji hata kufuatiliwa; wa sentimita 5 hadi 7 hupimwa tena kila mwaka; unaozidi 7 ndio unaofikiriwa kwa kipimo cha MRI, kile cha picha kwa sumaku, au upasuaji. Mwongozo huohuo unasema kwamba kwa wanawake hao, uvimbe wenye dalili huwa saratani kwa takriban mmoja kati ya 1,000, ukipanda hadi watatu kati ya 1,000 kwenye umri wa miaka 50. Nilikaa na hofu ya saratani wiki tatu nzima kabla mtu hajanieleza hesabu hiyo. Ndiyo sababu nimeiweka juu kabisa. Kwa aliyekwisha koma hedhi, hesabu ni tofauti na uchunguzi wake huwa mpana zaidi, kwa hiyo asijipime kwa maneno haya.

Ukiwa umeandikiwa upasuaji kwa uvimbe wa maji matupu, na umeshangoja miezi miwili au mitatu, omba ultrasaundi nyingine kabla ya siku yenyewe. Wapo wanaokuta umeondoka. Mwenye demoidi asitarajie hilo.

Maumivu ya kungoja nayo, na maumivu ya kukimbia nayo

Huu ndio ulinganisho ninaoujali kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Maumivu ya kawaida ya uvimbe yana tabia yake, na wewe mwenyewe utaijua. Yangu yalikuwa ya kuvuta, kulia chini ya kitovu, yakishuka hadi kwenye kinena, kana kwamba mtu ametundika mfuko wa mchanga kwenye nyonga. Yalizidi jioni nikishinda nimesimama, nikibana mkojo, nikikosa choo siku mbili, na siku za hedhi. Nikilala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, yalilegea ndani ya nusu saa. Hayo ni ya kungoja nayo: unajua yanapoanzia, unajua kinachoyachokoza, na kuna jambo ukilifanya yanashuka.

Maumivu ya kukimbia nayo hayana mazoea hayo. Ovari iliyobeba uvimbe, hasa unaozidi sentimita 5, inaweza kujisokota ilipojishikiza na kubana mishipa yake ya damu. Demoidi hujulikana sana kwa hili. Upande wa kulia hujisokota zaidi, kwa sababu kushoto utumbo mpana umejaza nafasi. Maumivu huja ghafla, makali, upande mmoja, na mara nyingi na kichefuchefu au kutapika. Linalowapoteza wengi ni kwamba huweza kuja kwa vipindi: yakakukamata, yakakuachia kwa saa nzima, kisha yakarudi, kwa sababu ovari inajisokota na kujisokotoa. Kutulia huko si kupona. Mtu akiwahi, madaktari wanaweza kuisokotoa na kuiokoa ovari hata kama imeshabadilika rangi. Akichelewa, ovari hufa.

Uvimbe unaweza pia kupasuka, aghalabu baada ya tendo la ndoa, mazoezi mazito au kunyanyua mzigo. Ukiwa wa maji matupu, mwili huyafyonza na maumivu hupungua siku baada ya siku. Tatizo ni damu ikiendelea kuvuja ndani: kizunguzungu, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kuzirai, na wakati mwingine maumivu kwenye ncha ya bega. Bega linashangaza, lakini damu iliyo tumboni huchokoza msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya msuli huo hupeleka maumivu begani. Homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini nayo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na hedhi ikiwa imechelewa, pima mimba kabla ya kuusingizia uvimbe, kwa maana mimba iliyotunga nje ya kizazi huja kwa sura hiyohiyo.

Usiku mmoja wa wiki ya sita niliamka saa nane na maumivu ambayo sikuyafahamu. Nilikuwa nimemeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, saa nne usiku, chupa ya maji ya moto iko tumboni, nikajiambia ni yaleyale, dawa imekwisha nguvu. Nikatapika. Nikajiambia ni tramadoli inanichafua tumbo. Nikatapika tena. Dada yangu, aliyekuwa amelala chumba cha pili, hakubishana nami. Alipiga magoti akanivisha viatu. Hospitalini ultrasaundi ilionyesha damu bado inaingia kwenye ovari, na daktari akanieleza kwamba hata hivyo kipimo hicho hakiondoi shaka yote, kwa sababu ovari iliyojisokota kidogo inaweza bado kuonyesha damu inapita. Wakaniweka chini ya uangalizi hadi asubuhi, yakatulia, nikarudi nyumbani nikiona haya kwa kuwasumbua watu. Daktari alinikataza kuona haya. Yakirudi vile, alisema, nirudi vilevile.

Tangu usiku ule nilibadili namna ninavyochagua kila kitu kinachofuata hapa chini.

Joto au kidonge

Kwa maumivu ya kuvuta ya kila siku, ningeanza na joto. Si imani tu. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti Marekani uliolinganisha kiraka cha joto la nyuzi kama 39, kilichovaliwa tumboni saa 12 kwa siku, na ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku. Joto lilipunguza maumivu sawa na kidonge. Wale walikuwa wanawake wenye maumivu ya hedhi, hawakuwa na uvimbe, kwa hiyo nauchukua kama fununu, lakini ni fununu niliyoithibitisha mwilini mwangu jioni nyingi. Joto hulegeza misuli iliyojikaza kuuzunguka uvimbe. Halimchoshi mtu figo wala ini, na halileweshi akili.

Kasoro yake niliiona kwenye kioo. Baada ya mwezi hivi, ngozi chini ya kitovu ilikuwa na alama kama kivuli cha wavu, rangi ya kahawia yenye wekundu, tundu kwa tundu. Nilikuwa nailaza chupa moja kwa moja juu ya ngozi na kulala nayo. Ngozi inayopigwa joto la wastani kila siku hufanya hivyo, na alama huweza kukaa miezi. Weka taulo katikati, dakika 15 hadi 20, kisha toa ipumzike. Usilale nayo. Na maumivu yakiwa ya ghafla, yale ya kukimbia nayo, usikae ukiyapasha moto kusubiri yatulie.

Mashine ndogo ya TENS, ile inayopitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye ngozi, huwasaidia baadhi ya watu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiitumie, na mjamzito aulize kwanza.

Parasetamoli, ibuprofeni, au kitu kikali zaidi

Ibuprofeni na ndugu zake kama naprokseni na diklofenaki huzuia prostaglandini, kemikali zinazoleta mkazo na kuvimba kwa tishu. Kwa hiyo kwa maumivu yanayoambatana na hedhi, na kwa endometriosisi, mimi ningeiweka mbele ya parasetamoli. Kwa mtu mzima, miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, pamoja na chakula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila agizo la daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochokozwa na dawa za jamii hii, aiache. Mjamzito asiitumie bila daktari. Baadhi ya madaktari wa upasuaji pia hutaka uisimamishe siku kadhaa kabla ya upasuaji kwa ajili ya hofu ya kutoka damu, kwa hiyo uliza tarehe ya kusimamisha mapema.

Parasetamoli ni pole zaidi kwa tumbo na inaweza kutumika hadi karibu na siku ya upasuaji. Vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane ndani ya saa 24. Mwenye mwili mdogo sana au ugonjwa wa ini apunguziwe na daktari. Hatari yake imejificha kwenye dawa za mafua na homa, ambazo nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mtu anahesabu vidonge vyake vinane, anasahau vile vya mafua, na ini ndilo linalolipa.

Hizi mbili zinaweza kutumika siku moja, maana zinafanya kazi kwa njia tofauti. Jambo lililonisaidia kuliko kuongeza dozi ni kuwahi. Kidonge kilichomezwa maumivu yakiwa bado namba 3 kati ya 10 kilifanya kazi ambayo vidonge viwili havikuweza yakishafika 7.

Kisha kuna kodeini na tramadoli. Zinapunguza maumivu, sikatai. Lakini kwa uvimbe zina kasoro mbili ambazo kwangu ni kubwa. Ya kwanza, hufunga choo, na choo kigumu kinaigandamiza nyonga iliyokwisha jaa, kwa hiyo kesho yake unaamka na maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Ya pili ni ule usiku nilioueleza: kichefuchefu na kutapika ni madhara yake ya kawaida, na ndizo dalili hizohizo za ovari kujisokota. Sikujua nisikilize nini. Mtu akiandikiwa, azichukue kwa siku mbaya tu, aulize na dawa ya kulainisha choo, asizichanganye na pombe, na anayetumia dawa za sonona amweleze daktari kabla ya kumeza tramadoli. Na ukiona unazihitaji kila siku, hiyo yenyewe ni sababu ya kupiga simu kuulizia tarehe yako.

Kulala au kutembea

Kutembea kumeshinda, ila kwa kiasi. Siku nilizolala kutwa nzima, choo kilifunga, gesi ilijaa na usingizi wa usiku uliharibika. Nusu saa ya kutembea taratibu, kunyoosha mgongo na nyonga, yalinifaa. Niliacha kukimbia, kuruka, kunyanyua vitu vizito na mazoezi ya kujipinda kwa nguvu, kwa sababu uvimbe ulikuwa mkubwa. Mwenye uvimbe mdogo hana haja ya kujifunga hivyo.

Tendo la ndoa halina marufuku ya jumla. Likikuumiza, badilisheni mkao uwe ule ambao wewe ndiye unayeamua kina, au mliache kwa muda. Mume wangu alikuwa akidhani nimechoka naye. Nilimwonyesha picha ya ultrasaundi, nikamwekea kidole pale uvimbe ulipo, na hatukulizungumza tena kwa ugomvi.

Maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi, na kigoda kidogo cha kuwekea miguu ukiwa chooni ili magoti yapande juu ya kiuno: hayo matatu yalinipunguzia maumivu kuliko nilivyotegemea.

Vidonge vya homoni: kuanza au kutoanza

Wengi huandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango "ili uvimbe upungue". Mwaka 2014 jopo la Cochrane, la watafiti wanaopima kwa pamoja tafiti za tiba, lilikusanya majaribio 8 kuhusu uvimbe unaotokana na mzunguko wa hedhi, na likaona kwamba vidonge haviuharakishi kuondoka. Uliokuwa wa kunywea ulinywea na bila vidonge. Kwa demoidi pia haviyeyushi kitu.

Maana yake si kwamba havina kazi. Kwa mwenye endometriosisi vinaweza kupunguza maumivu sana kwa kutuliza hedhi, na mwenye kupata uvimbe wa mzunguko kila mara vinaweza kumzuilia mpya kwa kuzuia yai kupevuka. Kwa hiyo jiulize unavimeza kwa ajili ya nini. Kama ni kwa maumivu ya hedhi, ni chaguo la haki. Kama ni kuuondoa uvimbe uliopo, unapoteza muda.

Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na kabla ya upasuaji mkubwa madaktari huweza kukutaka uviache wiki 4 kabla. Waulize mapema, na usiviache kimyakimya bila njia nyingine ya kuzuia mimba. Nisingependa mtu afike siku ya upasuaji akiwa na mimba asiyoijua.

"Dawa ya kuyeyusha uvimbe"

Ukishaandika neno uvimbe kwenye simu yako, matangazo yanakufuata: chai, unga, mafuta ya kukanda tumbo, vifurushi vya kuweka ukeni vya "kusafisha kizazi". Nawaelewa wanaonunua. Mtu ameambiwa angoje miezi mitatu, na huyu hapa anamwahidi siku 21.

Hakuna mmea uliothibitishwa kuyeyusha uvimbe wa ovari. Ushuhuda wa waliopona unaeleweka ukikumbuka kwamba uvimbe wa mzunguko huondoka wenyewe ndani ya muda huohuo wanaopewa dozi. Mimi nilikuwa na uvimbe wenye nywele na mafuta ndani. Nilipouona kwenye picha baada ya upasuaji, fundo la nywele limelowa mafuta ya njano, nilielewa kwa macho kwamba hakuna chai ambayo ingeufikia.

Kuhusu madhara, nayapanga hivi. Kinywaji cha kawaida cha moto kinachokufariji, kunywa. Mitishamba ya vidonge na ya kukolea, kama ginkgo, ginseng na kitunguu saumu cha kapsuli, huweza kuongeza kutoka damu au kugongana na dawa za usingizi wa upasuaji, na chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani hushauri kuiacha wiki mbili kabla ya upasuaji. Vitu vya kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi. Na kukandwa tumbo kwa nguvu, hilo naomba kabisa usikubali, awe anayekukanda ni nani. Uvimbe unaokandamizwa unaweza kupasuka.

Kungoja kimya au kupiga simu

Nilikuwa mtu wa kungoja kimya, nikidhani kupiga simu ni kukosa adabu. Sasa najua aliye kwenye orodha hubaki na maelezo ya siku ile alipoonwa mara ya mwisho, mpaka mwenyewe alete maelezo mapya. Piga simu au rudi ukiona tumbo linakua, unashiba haraka, unapungua uzito bila sababu, unakojoa mara kwa mara kuliko mwanzo, damu inatoka nje ya hedhi, maumivu yanakuamsha usiku au umekwisha kwenda hospitali kwa dharura. Ukiwa umekoma hedhi, usingoje hata dalili hizo. Uliza pia kama unaweza kuandikwa miongoni mwa wanaoitwa nafasi ya mgonjwa mwingine ikiahirishwa. Mimi niliwahishwa siku tisa kwa njia hiyo.

Ukipewa majibu ya CA-125, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta dalili za saratani ya ovari, yaliyo juu ya 35, usizime taa ukalia peke yako. Kipimo hicho hupanda kwa endometriosisi, kwa hedhi yenyewe, kwa maambukizi ya nyonga na kwa mimba. Kina uzito zaidi kwa aliyekoma hedhi.

Muda huu pia utumie kupima wingi wa damu. Ukiwa na upungufu, vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, na wiki ndicho kitu ulicho nacho. Anayevuta sigara, kila wiki aliyoacha kabla ya upasuaji inamsaidia mapafu na kidonda.

Matundu madogo au kufungua tumbo. Kutoa uvimbe au ovari nzima

Ikiwa una nafasi ya kuchagua, upasuaji wa matundu madogo una maumivu machache, watu wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na hurejea kwenye shughuli baada ya kama wiki mbili. Kufungua tumbo huchukua kama wiki sita. Lakini uvimbe mkubwa sana, au wenye dalili ya kutia shaka, huenda ukahitaji kufunguliwa ili utoke mzima bila kumwagika, na hapo nisingemlazimisha daktari.

Kutoa uvimbe peke yake huiacha ovari, na kwa anayetaka kuzaa hilo ndilo la kwanza kuomba. Ila kwa uvimbe wa endometriosisi, hata kuutoa peke yake kunaweza kupunguza akiba ya mayai, kwa hiyo zungumza kuhusu uzazi kabla, si baada. Ovari nzima ikitolewa, iliyobaki ikiwa nzima hutosha kwa hedhi, homoni na mimba. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza: mkikuta jambo msilolitarajia nikiwa nimelala, mtafanya nini, na nini hamtakifanya bila kuniuliza? Niliuliza hilo, na jibu likaandikwa kwenye fomu.

Daftari au kumbukumbu ya kichwani

Kila maumivu yalipopita namba 5 niliandika mstari mmoja: tarehe, saa, upande, namba, nilichofanya, na namba baada ya saa moja. Simu inafaa pia, ila mimi nilitumia daftari dogo kwa sababu dada yangu aliweza kulifungua bila kuniuliza nywila. Ndani ya wiki mbili lilinionyesha kwamba siku zangu mbaya zilifuata siku za choo kufunga, jambo ambalo kichwani nilikuwa nalilaumu baridi.

Asubuhi ya upasuaji, sijala tangu usiku, daktari wa usingizi aliniuliza dawa zote nilizomeza kwa wiki mbili na kama maumivu yamewahi kubadilika tabia. Nilikuwa natetemeka, majina ya dawa yamenipotea. Dada alifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki ya sita, ule wenye mstari uliopinda kwa sababu aliuandika yeye ndani ya gari, akampa.